Kinasa sauti kimerudi na ukimya: dalili, chanzo na tiba kwa wanaofuatilia ndege

Bundi mdogo wa Sokoke hafikii urefu wa sentimita 20, na wengi wanaomjua wanamjua kwa sauti tu. Makao yake ni msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, kilomita za mraba kama 420 kati ya Kilifi na Malindi, hasa ile sehemu ya udongo mwekundu yenye miti ya Cynometra iliyosongamana. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1966, na mwaka 1992 akagunduliwa pia katika misitu ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania.

Ndege wa namna hii ndiye aliyetufanya wengi wetu tuanze kufunga vinasa sauti mitini. Kifaa kinakesha, na binadamu hawezi kukesha wiki 2 mfululizo. Shida ni kwamba kifaa kikiharibika hakikuambii. Kinarudi na faili zake, programu inazipitia, jibu linatoka kwamba bundi hayupo. Na neno "hayupo" likishaingia kwenye ripoti, kulitoa ni kazi. Atakuja kulisoma mtu mwingine miaka kadhaa baadaye, siku ya kuamua kipande gani cha msitu kilindwe na kipi kiachiwe shoka.

Nimepanga matatizo kwa dalili, yaani kile utakachokiona au kukisikia kwanza. Mifano mingi ni ya vinasa vidogo vya aina ya AudioMoth, vile vya betri 3 za AA na kadi ya microSD, kwa sababu ndivyo vilivyoenea, lakini vinasa vikubwa vinaugua magonjwa yaleyale.

Kabla ya yote, jizoeze kitu kimoja. Ukishafunga kifaa mtini na kimeanza kunasa, simama hatua 2 mbele yake, piga makofi 3, kisha sema kwa sauti ya kawaida: mahali ulipo, tarehe, saa kwa Kiswahili, na saa ilivyo kwenye simu. Fanya hivyo tena siku ya kukitoa. Naiita salamu. Utaona huko mbele ni mara ngapi salamu hiyo imeokoa kazi ambayo ingetupwa.

Kadi imerudi tupu

Anza na swichi. AudioMoth ina nafasi 3: ya kuzima au kuunganisha na kompyuta, ya kunasa moja kwa moja, na ya kufuata ratiba. Mtu anapokifunga kifaa ndani ya kasha huku mikono ina jasho, kidole husukuma swichi bila yeye kujua. Taa ndiyo inayosema ukweli: ya kijani humetameta kifaa kikisubiri, nyekundu huwaka kikinasa. Ukiona zote mbili zinametameta pamoja, usiondoke hapo, kuna kasoro, na mara nyingi ni kadi.

Kadi yenyewe ndiyo mshukiwa wa pili. Ukinunua kadi ya bei ya kutupa, kuna uwezekano mkubwa ni bandia: kompyuta inaonyesha gigabaiti 128, ndani kuna 8. Inaandika vizuri mpaka zile 8 zijae, halafu inaendelea kujifanya inaandika. Majina ya faili utayaona, ukizifungua hazina kitu. Ijaze kadi yote nyumbani kwa video zozote ulizonazo, kisha jaribu kufungua zile za mwisho. Kazi ya usiku mmoja tu, tena kompyuta inaifanya umelala.

Kama kadi ni nzima na swichi ilikuwa sawa, huenda ratiba haikuingia kwenye kifaa, au iliingia na betri zikatolewa baadaye. Hilo la betri linatuleta kwenye saa, nitalieleza huko.

Faili zimekoma katikati ya kipindi

Hapa chanzo ni betri au kadi kujaa, na hesabu itakwambia ni kipi. Ukinasa kwa kilohezi 48, yaani sampuli 48,000 za sauti kila sekunde, baiti 2 kwa kila moja, basi kila sekunde inakula baiti 96,000. Dakika moja ni megabaiti 5.76, saa moja ni kama megabaiti 345. Ukinasa saa 4 kwa siku, unatumia gigabaiti 1.4 hivi, na kadi ya 32 inakufikisha siku ya 23. Kama faili zimekoma siku ya 9 na kadi ina nafasi tele, mtafute mchawi kwenye betri.

Zile betri rahisi za redio za dukani hazifai kwa kazi hii. Chukua alkalaini au lithiamu, zote za pakiti moja. Ukichanganya mpya na ya zamani, ile dhaifu inazivuta zingine chini. Kagua pia vyuma vya kushikia betri: ukiona unga mweupe au wa kijani, ufute kwa kitambaa chenye tone la siki, acha pakauke kabisa, kisha ujaribu tena. Pwani chumvi na unyevu havilali.

Saa hazieleweki

Hapa ndipo nilipoona kazi nyingi zikiharibika, na kwetu sisi waswahili mtego una tabaka 3.

Tabaka la kwanza ni faili zenye majina yanayoanza na 19700101. Hiyo ni tarehe 1 Januari 1970, siku ambayo saa za kompyuta nyingi huanzia kuhesabu. Maana yake kifaa hakikujua ni saa ngapi. Saa huwekwa ukikiunganisha na kompyuta au kwa programu ya simu inayokiimbia mlio maalumu, na ukitoa betri inapotea. Ndiyo sababu betri zinabadilishwa kwanza, saa inawekwa baadaye, wala si kinyume chake. Ikiwa mambo yameshaharibika, fungua faili ya kwanza utafute salamu. Umesikika ukisema "ni saa 10 na robo alasiri", na faili inadai ni dakika ya 7 tangu kuanza kwa mwaka 1970. Sasa unajua tofauti, na unaiongeza kwenye kila faili mpaka ya mwisho. Bila salamu, sikiliza azana. Kwenye ukingo wa msitu ulio karibu na vijiji, azana ya alfajiri hunaswa vizuri, na ukiwa na ratiba ya swala ya tarehe hiyo unakaribia ukweli kwa dakika chache. Niliwahi kuokoa wiki nzima ya rekodi kwa njia hiyo.

Tabaka la pili ni saa za dunia, UTC. Vinasa kama AudioMoth huandika majina ya faili kwa saa hizo usipoviambia vinginevyo, na sisi Afrika Mashariki tuko saa 3 mbele. Faili iitwayo 20240312_030000 haikunaswa usiku wa manane. Ilinaswa saa 12 kamili asubuhi, kukipambazuka.

Tabaka la tatu ni la kwetu wenyewe. Mwenzangu mmoja aliandika kwenye daftari kwamba vifaa vinase "saa 12 mpaka saa 2", akimaanisha asubuhi, ndege wanapoamka. Aliyepanga ratiba kwenye kompyuta akaandika 12:00 mpaka 14:00, tena kwa UTC. Vifaa vikanasa kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 11 jioni, siku 14, katika joto ambalo hata nyani wametulia kivulini. Tulipofungua faili tukasikia nyenje tu na majani. Mmoja wetu alikuwa ameshaanza kuandika kwamba kipande kile cha msitu kimepoteza ndege wake, na nusura ripoti iende hivyo. Tulichojionea ni kwamba hakuna hata faili moja yenye sauti za alfajiri, na msitu wa pwani usio na alfajiri haupo duniani.

Tangu siku hiyo natumia kanuni moja ya kichwani: chukua saa iliyo kwenye jina la faili, toa 3, umepata saa ya Kiswahili. 04 ni saa 1 asubuhi. 16 inakuwa 13, na 13 ukitoa 12 ni saa 1, ya usiku. 22 inakuwa 19, yaani saa 7 usiku. Inafanya kazi kwa sababu sisi tuko 3 mbele ya UTC na hesabu yetu ya Kiswahili iko 6 nyuma ya saa ya ukutani. Ukipata sifuri au chini yake, ongeza 12.

Kwa wanaofuatilia bundi kuna jambo jingine dogo. Hiyo saa 7 usiku ya faili 20240311_220000 ni usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, ingawa jina la faili linasema tarehe 11. Kwenye daftari andika "usiku wa kuamkia" kila mara. Watu wawili wakisema "usiku wa Jumatatu" wanaweza kuwa na usiku tofauti vichwani mwao, na ukilinganisha na mbalamwezi au na mvua utakosea siku.

Sauti nzito, kama kifaa kimefunikwa blanketi

Usikimbilie kulaumu maikrofoni. Fungua faili kwenye programu inayochora spektrogramu, ile picha ambayo wakati unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia na masafa ya sauti (unene au wembamba wake, kwa kilohezi) yanapanda kutoka chini kwenda juu. Faili nzuri ya saa 12 kasoro dakika 20 alfajiri inaonekana hivi: chini kabisa kuna ukungu wa upepo. Juu yake kidogo kuna vidoa vilivyopangana kama shanga, hao ni njiwa, pugi na tetere. Katikati, kwenye kilohezi 2 mpaka 3, kuna vijikulabu vinavyopanda na kushuka, shorwe wanaamshana. Na juu, kilohezi 5 kwenda mbele, kuna mkanda mnene usiokatika kama upindo wa kanga. Huo ni wa nyenje na wadudu wenzao.

Mkanda huo ndio shahidi wako. Nyenje hawahami msitu kwa siku moja. Ukiona kuanzia tarehe fulani mkanda umefifia na kila kitu juu ya kilohezi 4 kimekuwa cheusi, huku njiwa wa chini wakiendelea kusikika, basi kilichoziba ni tundu la sauti. Maji yametanda kwenye utando wa mbele, au nyigu wa matope amejenga nyumba juu ya tundu. Nimeshatoa kifaa ambacho tundu lake lilikuwa limefunikwa kwa udongo mwekundu uliofinyangwa vizuri kabisa, na ndani yake kuna viwavi wa nyigu wamelala. Rekodi ya siku 11 ilikuwa kama mtu anayezungumza akiwa ameziba mdomo.

Sisimizi nao wana alama yao: mikwaruzo mifupi isiyo na mpangilio, karibu sana, kwenye masafa yote. Wanapenda kasha kwa sababu ni kavu. Paka grisi kidogo kwenye kamba uliyofungia, juu na chini ya kifaa.

Linganisha pia makofi ya salamu. Ya siku ya kufunga yanapaswa kuonekana kama mistari 3 iliyosimama kutoka chini hadi juu kabisa. Ikiwa ya siku ya kutoa yameishia nusu, tundu liliziba wakati fulani katikati, na kazi yako ni kutafuta siku yenyewe na kutupa rekodi za kuanzia hapo. Kuzitupa kunauma. Lakini ukiziacha, ndege wenye sauti nyembamba watatoweka kwenye takwimu zako, na njiwa watabaki.

Kwa kinga, funga kifaa uso ukielekea chini kidogo ili maji yachuruzike, mbali na jani linalodondosha, na weka kifuko cha silika jeli ndani ya kasha. Kasha ulilotengeneza mwenyewe kwa kopo la chakula linafaa, ila litoboe tundu mbele ya maikrofoni na ulifunike kwa utando unaopitisha sauti. Plastiki nene isiyo na tundu ni blanketi.

Mvua, upepo, na sauti iliyopasuka

Sauti iliyopasuka ni rahisi kuitambua: mawimbi yamekatwa vichwa, yako sawasawa juu kama ua lililofyekwa. Hondohondo ametua juu ya kifaa akalia kile kilio chake kinachofanana na cha mtoto. Ikitokea mara mojamoja, acha. Ikitokea kila asubuhi, punguza kiwango cha ukuzaji kwa ngazi moja.

Mvua haina dawa. Weka alama kwenye faili za mvua na uziondoe kwenye hesabu kabla programu haijazigusa, maana matone yakigonga kasha huzaa majina ya ndege wa ajabu. Upepo una dawa nusu: funga kwenye shina lisiloyumba, fyeka majani yanayoweza kulipiga kasha, na usifunge karibu na njia ya tembo.

Mstari mwembamba ulionyooka kwa masafa yaleyale usiku na mchana, katika faili zote, ni umeme wa ndani ya kifaa. Haudhuru mpaka ulalie masafa ya ndege unayemtafuta.

Programu imetaja ndege ambao hawapo

Wengi tunatumia BirdNET, iliyotengenezwa na Maabara ya Ornitholojia ya Cornell, Marekani, pamoja na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Chemnitz, Ujerumani. Inaikata rekodi vipande vya sekunde 3, na kwa kila kipande inatoa jina na alama kati ya 0 na 1. Inatambua zaidi ya aina 6,000. Ni msaada mkubwa sana, na nasema hivyo kama mtu aliyewahi kusikiliza saa 200 kwa masikio yake.

Ikikuletea orodha ya kushangaza, kagua kwanza mahali ulipoiambia ulipo. Arabuko-Sokoke iko kwenye latitudo ya kutoa 3.3 na longitudo 39.9. Ukisahau alama ya kutoa, unaihamishia kaskazini mwa ikweta, kwenye nyika kavu za kati ya Moyale na Takaba, na programu itakuletea ndege wa huko. Ukigeuza namba, ya kwanza iwe ya pili, umefika Hispania, kusini-mashariki mwa Madrid. Nimeletewa orodha ya namna hiyo na kijana aliyekuwa karibu kukata tamaa na kifaa chake. Kosa lilikuwa mstari mdogo mmoja mbele ya namba.

Kama mahali ni sahihi, kosa linalofuata ni kuamini alama kana kwamba ni asilimia ya ukweli. Alama ya 0.7 haina maana kwamba mara 7 kati ya 10 ndege yupo. Kwa aina moja ya ndege 0.4 inaweza kuwa salama, kwa nyingine hata 0.9 ni uongo mtupu. Ndege wa Ulaya na Marekani wana rekodi nyingi ambazo mashine imejifunzia, wa kwetu wana chache, na walio adimu zaidi ndio wenye chache kuliko wote. Njia ya kuaminika ni kuchukua vipande kama 50 vya kila aina, vya alama za juu, za kati na za chini, ukavisikiliza mwenyewe na kuandika ndiyo au siyo. Hapo ndipo utajua kwa ndege huyo ukate wapi. Ukikwama, linganisha na rekodi za xeno-canto, hazina ya sauti za ndege iliyo wazi kwa kila mtu tangu 2005, na kisha muulize mtu anayeishi na msitu. Wapo wazee wa Kigiriama wanaotofautisha sauti mbili ambazo mimi kwenye spektrogramu nilizihesabu kuwa moja.

Sasa bundi wetu. Wito wake ni noti moja laini ya kugongagonga, inayorudiwa bila haraka. Kuna ndege mdogo wa mchana, kitororo, naye anagonga noti moja, tonk, tonk, tonk, saa nzima bila kuchoka. Programu inaweza kuwachanganya. Mwamuzi ni saa: bundi mdogo wa Sokoke aliyetajwa saa 5 asubuhi ni kitororo mpaka utakapothibitisha vinginevyo. Sasa fikiria faili ambazo saa yake ilipotea. Kitororo wa asubuhi anasomeka usiku, programu inamwita bundi, na hakuna kinachokushtua. Ndiyo maana nimeipa saa nafasi kubwa namna ile.

Usiku mshukiwa mwingine ni komba. Kilio chake kimewahi kupewa majina ya ndege 4 tofauti kwenye faili zangu.

Na usihesabu miito ukaiita ndege. Kitororo mmoja mwenye bidii anaweza kutokea kwenye vipande 600 kwa asubuhi moja. Vipande 600 si vitororo 600. Kilicho salama ni kuhesabu siku ambazo amesikika, kati ya siku ambazo kifaa kilikuwa kizima.

Faili zina mazungumzo ya watu

Wachuma uyoga, watoto wa shule, wapenzi waliojitenga. Hukwenda kuwasikiliza hao. Futa vipande hivyo, usivipeleke kwa mtu yeyote. Kabla ya kufunga kifaa, pita kwa mzee wa kijiji na kwa walinzi wa msitu, mwonyeshe kifaa chenyewe, mchezeshee rekodi ya ndege kama kororo au kwarara. Kasha geni mtini lisilo na maelezo huvunjwa, na aliyelivunja ana haki ya kuogopa.

Umemsikia kwa masikio yako, programu inasema hayupo

Hili nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo zito kuliko yote.

Angalia kwanza kama ulikata masafa ya chini. Watu wengi, ili kuondoa upepo, huweka kichujio kinachofuta kila kitu chini ya kilohezi 1. Upepo unaondoka, na njiwa wanaondoka nao, pamoja na bundi wakubwa ambao sauti zao ziko chini ya nusu kilohezi. Bundi mdogo wa Sokoke yuko karibu na mpaka huo, na kichujio kikali humwacha akiwa kivuli. Kama kichujio kiliwekwa ndani ya kifaa wakati wa kunasa, sauti hiyo haipo tena na hairudi. Kwa hiyo nasa yote, chuja baadaye kwenye kompyuta ukiwa na nakala.

Pili, ile orodha ya mahali na wiki ya mwaka ambayo programu hutumia kuchuja aina. Ikiwa ndege wako hayumo kwenye orodha ya eneo lako, hatatajwa hata aimbe mbele ya kifaa. Orodha hiyo inafunguka na kusomeka, na unaweza kuweka yako mwenyewe. Isome kabla ya kazi, utafute jina la ndege wako kwa jicho lako.

Tatu, umbali. Sikio la binadamu kwenye usiku mtulivu husikia mbali kuliko maikrofoni ndogo ndani ya kasha. Lipime hili: weka rekodi ya wito kwenye spika ndogo, kwa sauti ya kiasi cha ndege halisi, uicheze ukiwa mita 10, 25, 50 na 100 kutoka kwenye kifaa. Kisha tazama programu imekutambua mpaka wapi. Fanya hivyo kwenye msitu wa Cynometra na urudie kwenye msitu wa miti ya mirihi (Brachystegia), maana kwenye mirihi miti imeachana na sauti inasafiri zaidi. Jaribio lifanyike mbali na eneo la ndege wenyewe, wala usilirudierudie msimu wa kutaga. Bundi anayeitwa na spika kila usiku anaacha kuwinda ili alinde mipaka dhidi ya adui asiyekuwepo.

Nne, huenda ndege yupo na haimbi. Kuna ndege aitwaye mkesha wa madoadoa anayekuja Sokoke kutoka kusini, akakaa miezi ya katikati ya mwaka akichakurachakura majani makavu chini. Huku hazai, na asiyezaa hana haja kubwa ya kuimba. Kinasa sauti si chombo chake. Huyo anahitaji macho, au kamera ya kutegeshwa.

Ukishapita yote hayo na bado hakuna kitu, basi andika hivi kwenye ripoti, na sentensi isiwe fupi kuliko hii: "Vifaa 6 vilifungwa kwenye udongo mwekundu, usiku 14, kuanzia saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri, usiku 3 uliondolewa kwa sababu ya mvua, kifaa kimoja kiliziba kuanzia usiku wa 8, kwa majaribio ya spika vifaa vinasikia mpaka mita 50, bundi mdogo wa Sokoke hakunaswa." Weka namba zako mwenyewe mahali pa hizo. Na neno la mwisho liwe "hakunaswa".